Hati si kitu? Tusome hukumu kabla ya kuamini maneno ya mtaani

Hapa Pwani kuna sentensi mbili za sheria ambazo karibu kila mtu mzima anazijua. Ya kwanza ni ya zamani: ukikaa kwenye ardhi miaka 12, ni yako. Ya pili imeanza kuzunguka kwenye simu tangu mwaka 2023: Mahakama ya Juu imesema hati miliki si kitu.

Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea. Kazi yangu kubwa ni kukaa na watu na kusoma nao karatasi za mahakama na za ardhi. Nimeona familia ikijenga nyumba ya mawe juu ya ardhi ya umma kwa kutegemea ile miaka 12. Nimeona mzee mwenye hati halali ya shamba la babake akikosa usingizi, akakaribia kuliuza kwa bei ya kutupa, kwa sababu dalali alimwambia hati zote sasa ni makaratasi matupu. Dalali huyohuyo ndiye aliyekuwa na mnunuzi tayari.

Sentensi hizo mbili zina chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo sababu zinapoteza watu. Maneno ya uongo mtupu huulizwa maswali. Yenye nusu ya ukweli hupita bila kuulizwa, mtu akauza, akajenga au akafungua kesi.

Ningependa kueleza jinsi mwananchi wa kawaida anavyoweza kuitafuta sheria mwenyewe, na akishaipata, jinsi ya kufikiri nayo. Huhitaji kuwa umesomea uwakili. Unahitaji simu yenye intaneti, subira, na maswali machache utakayoyauliza kila mara kwa mpangilio uleule. Hukumu na sheria zetu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na hilo ni kikwazo kwa wengi. Lakini karibu kila nyumba ina kijana aliyemaliza sekondari. Mkae pamoja: yeye asome, wewe uulize.

Kwanza, nani amesema?

Sheria ina ngazi, na neno la ngazi ya chini haliwezi kuliangusha la juu. Juu kabisa ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 2(4) kinasema sheria yoyote inayokwenda kinyume na Katiba ni batili kwa kadiri ya kwenda kwake kinyume. Zinafuata sheria zilizopitishwa na Bunge na zile za mabunge ya kaunti, kisha kanuni zinazotungwa chini ya sheria hizo.

Mahakama nazo zina ngazi zake. Kifungu cha 163(7) cha Katiba kinasema mahakama nyingine zote zinafungwa na maamuzi ya Mahakama ya Juu. Chini yake ni Mahakama ya Rufaa. Kisha zinakuja Mahakama Kuu na zile zenye hadhi sawa nayo, ikiwemo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Chini zaidi ni mahakama za mahakimu na za kadhi. Jaji wa Mazingira na Ardhi akiamua jambo, jaji mwenzake wa mahakama hiyo anaweza kulifuata au kutolifuata, mradi atoe sababu. Mahakama ya Rufaa ikiamua, wote wawili hawana budi kufuata.

Kuna pia maamuzi ya nje. Majaji wetu wamekuwa wakitaja kesi ya Mahakama ya Rufaa ya Uganda ya mwaka 2008, Katende v Haridar, iliyoeleza mnunuzi mwenye nia njema ni nani. Uamuzi huo hauwafungi majaji wa Kenya. Unaweza kuwashawishi tu. Kwa hiyo mtu akikwambia "mahakama imesema", muulize: mahakama gani, mwaka gani? Asipojua, bado hajakuletea sheria. Amekuletea habari.

Pili, mlango ni upi?

Kabla ya kutafuta nani ana haki, tafuta ni mahakama ipi ina mamlaka ya kusikiliza. Kesi inayotajwa zaidi nchini juu ya jambo hili ilitoka hapahapa Mombasa. Ni kesi ya meli, Lillian S, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 1989. Kampuni ya mafuta ilikuwa ikiwadai wenye meli. Mahakama ikaweka msingi ambao mawakili wanautumia hadi leo: mahakama isiyo na mamlaka juu ya shauri haina la kufanya ila kuweka kalamu chini.

Kwetu sisi, mlango unaokosewa mara nyingi ni wa mirathi. Kifungu cha 170(5) cha Katiba kinaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kufika mbele ya kadhi. Basi ndugu wakigombania mafungu ya urithi wa marehemu baba yao, mlango huo upo. Lakini ikiwa ugomvi ni kati ya familia na kampuni inayodai kuwa shamba halikuwa la marehemu tangu mwanzo, hilo si suala la mafungu tena. Ni suala la nani mwenye ardhi, na mlango wake ni mahakama yenye mamlaka ya ardhi. Watu hupoteza miaka kwa kubisha mlango usiokuwa wao.

Tatu, soma sheria yote, usisome kipande

Sasa turudi kwenye miaka 12. Sheria yenyewe inaitwa Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22. Kifungu cha 7 kinasema mtu hawezi kufungua shauri la kudai ardhi baada ya miaka 12 tangu haki yake ya kudai ilipoanza. Angalia maneno hayo vizuri. Anayesemeshwa ni mwenye ardhi: umechelewa, huwezi kushtaki. Hayamwambii aliyekaa kwamba ardhi sasa ni yake.

Ukiishia hapo, umesoma kipande. Endelea hadi kifungu cha 38: anayedai kuwa amepata haki kwa kukaa ni lazima aende mahakamani aombe asajiliwe. Bila amri ya mahakama, jina kwenye rejista halibadiliki. Kisha fika kifungu cha 41, ambacho watu hawakitaji kabisa: kanuni hii haimpi mtu haki juu ya ardhi ya serikali. Ukae miaka 12 au 50 kwenye ardhi ya umma, kifungu cha 7 hakitakusaidia. Huenda ukawa na njia nyingine, kama kuomba ugawaji rasmi au kupeleka dai la dhuluma za kihistoria. Lakini hiyo ni njia tofauti yenye masharti yake.

Ukishamaliza sheria, tafuta hukumu zilizoieleza. Utakuta majaji wanasisitiza mambo yaleyale: kukaa kuwe kwa wazi, kusiwe kumekatizwa, na kusiwe kwa ruhusa ya mwenyewe. Hilo la ruhusa lina uzito mkubwa kwetu. Mitaa mingi ya zamani ya Mombasa ina nyumba bila ardhi: nyumba ni yako, kiwanja ni cha mwingine, nawe unamlipa kodi ya ardhi. Anayelipa kodi hiyo amekaa kwa ruhusa. Risiti anazozihifadhi kabatini kwa miaka 30, akiamini ni ushahidi wa ukongwe wake hapo, zinaweza kuwa ushahidi wa kumwangusha. Msingi wake ni kwamba mwenye ardhi akiendelea kupokea kodi, saa ya miaka 12 haitembei dhidi yake.

Ona tulivyofika. Tulianza na sentensi moja ya barazani. Tumesoma vifungu vitatu na kanuni moja ya majaji, na jibu limebadilika kutoka "ni yako" hadi "inategemea ni ardhi ya nani, na umekaa vipi".

Nne, soma hukumu kwa maswali matano

Tuje kwa hati miliki. Maneno yanayozunguka yanatokana na kesi ya hapa kwetu, ya ardhi ya ufuoni Nyali. Jina lake ni Dina Management Limited v County Government of Mombasa, na Mahakama ya Juu iliitolea hukumu tarehe 21 Aprili 2023. Hukumu ni ndefu, lakini ukiwa na maswali matano huwezi kupotea.

Swali la kwanza: nini kilitokea? Mwaka 1989 kiwanja hicho kiligawiwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Kikauzwa kwa kampuni moja, nayo ikaiuzia Dina Management. Mwaka 2017 serikali ya kaunti iliingia na kubomoa ukuta wa upande wa bahari, ikisema hiyo ni ardhi ya umma na inataka kufungua njia ya kwenda ufuoni. Kampuni ikaenda mahakamani ikiwa na hati yake mkononi.

Swali la pili: mahakama iliulizwa nini? Iliulizwa kama mnunuzi aliyelipa na kusajiliwa analindwa na sheria, ikiwa ugawaji wa kwanza kabisa ulikuwa na kasoro.

Swali la tatu: kanuni ni ipi? Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda mali ya kila mtu. Lakini kijifungu cha 6 kinasema ulinzi huo haufiki kwenye mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Swali la nne: kanuni ilitumikaje? Mahakama iliona kwamba kiwanja hicho kilikuwa kimeshatengwa kuwa eneo wazi, yaani eneo la matumizi ya umma. Kwa hiyo hakikuwa ardhi iliyobaki tu inayoweza kugawiwa mtu. Aliyegawiwa kwanza hakupata haki halali, basi hakuwa na cha kumpa wa pili, na wa pili hakuwa na cha kumpa wa tatu. Hati, ilisema mahakama, ni matokeo ya mchakato. Mchakato ukiwa mbovu, hati peke yake haiwezi kuuponya.

Swali la tano: iliamriwa nini? Kampuni ilishindwa. Ilikuwa imeshindwa kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ikashindwa kwenye Mahakama ya Rufaa, na mwisho ikashindwa kwenye Mahakama ya Juu.

Sasa tafuta sababu. Katika kila hukumu kuna sababu iliyobeba uamuzi, na kuna maneno mengine ambayo jaji ameyasema njiani. Linalofunga mahakama za chini ni sababu. Njia rahisi ya kuipata ni kuliondoa jambo moja moja na kuuliza: hili lisingekuwepo, uamuzi ungebadilika? Ondoa Nyali, weka Kilifi: haubadiliki. Ondoa jina la Rais, weka jina la karani: haubadiliki. Ondoa lile la eneo lililotengwa kwa umma na ugawaji wenye kasoro, na nguzo ya hukumu imeanguka. Hapo ndipo palipo na sababu.

Tano, pima hukumu na mambo yako

Rudi kwa yule mzee. Shamba lake lilipimwa na kugawanywa katika zoezi rasmi la serikali, babake akaandikishwa, kisha yeye akarithi kwa cheti cha mirathi. Hakuna uwanja wa shule ndani yake, hakuna njia ya ufuoni, hakuna hifadhi ya barabara. Hukumu ya Nyali haimgusi kwa ubaya, na kwa hakika inamsaidia, kwa sababu inauliza mchakato ulikuwaje na wake ulikuwa safi. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 bado kinaitaka mahakama ichukue hati kuwa ushahidi wa umiliki. Inaweza kupingwa kwa ulaghai au upotoshaji ambao mwenye hati alihusika nao, au ikiwa ilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa njia ya ufisadi. Kwa hiyo anayeipinga hati ana kazi ya kuthibitisha. Kusema "Mahakama ya Juu imesema" peke yake hakutoshi.

Mtu mwingine amenunua ploti iliyokatwa kutoka kiwanja cha mpira cha kijiji, na hati yake imepita mikono minne. Huyo ndiye wa kukosa usingizi. Mikono minne haimwokoi, kwa sababu katika kesi ya Nyali pia ardhi ilipita mkono baada ya mkono.

Mahakama hukubali ulinganishaji wa aina hii kila siku. Wakili anayetaka kuitumia kesi huonyesha kwamba mambo yake yanafanana na ya kesi ile mahali penye uzito. Anayetaka kuikwepa huonyesha kwamba yanatofautiana mahali penye uzito. Kufanana kwa juujuu, kama vile zote ni ardhi na zote ni Mombasa, hakufai kitu.

Sita, tafuta kinachokuumiza

Ukishapata kesi inayokupendeza, kazi bado. Itafute inayokuumiza, kwa maana wakili wa upande wa pili ataitafuta. Tazama pia kama kesi yako ilikatiwa rufaa ikapinduliwa, au kama Bunge lilibadilisha sheria baadaye. Na tazama kama mahakama imeongeza neno. Mwezi Septemba 2023, miezi mitano tu baada ya kesi ya Nyali, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Torino Enterprises Limited v Attorney General, na ikasema barua ya ugawaji haimpi mtu umiliki. Ni hatua tu ya njiani, hadi masharti yake yatimizwe na ardhi isajiliwe. Ni wangapi kati yetu wamenunua ploti kwa kuonyeshwa barua kama hiyo ikiwa na mhuri mzuri? Aliyesoma ya Aprili akaacha ya Septemba amekosa nusu ya onyo.

Pa kutafuta na namna ya kutafuta

Sheria na hukumu za Kenya nilizotaja zinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law, kenyalaw.org, inayoendeshwa na Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria. Kila hukumu mpya ina nambari. Ya Nyali ni [2023] KESC 30 (KLR). Mwaka ni wa hukumu. KESC ni Mahakama ya Juu, KECA ni ya Rufaa, KEELC ni ya Mazingira na Ardhi, KEHC ni Mahakama Kuu. Nambari ikikosekana kwenye ujumbe uliotumiwa, omba upewe. Anayetaja hukumu ya kweli anaweza kukupa.

Ukitafuta, usiandike hadithi yako. Andika maneno ya sheria yenyewe. Kwa ile miaka 12, andika "adverse possession" pamoja na "section 38". Anza na hukumu za juu na za karibuni, kisha fuata kesi zinazotajwa ndani yake. Hukumu moja nzuri itakupeleka kwa nyingine kumi.

Sheria bila ushahidi haikupeleki mbali, kwa hiyo tafuta na karatasi. Sachi ya kawaida kwenye ofisi ya ardhi hukuonyesha nani ameandikishwa leo. Haikuambii kama mchakato wa kwanza ulikuwa safi, na ndilo swali la Nyali. Uliza historia ya hati tangu ugawaji wa kwanza, uliza ramani ya upimaji, uliza mpango wa eneo unasema kiwanja kilitengewa nini. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma itoe uamuzi juu ya ombi lako ndani ya siku 21. Andika barua, uiweke nakala, na uhakikishe nakala yako imepigwa mhuri wa kupokewa.

Haya yote hayamfanyi mtu kuwa wakili. Kesi ya ardhi ina siku za mwisho za kuwasilisha karatasi na taratibu ambazo zinataka mtaalamu, na asiyeweza kumlipa anaweza kuuliza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kwenda kwa wakili ukisema "nimeambiwa nina haki" na kwenda na karatasi moja: haya ndiyo yaliyotokea kwa tarehe zake, hili ndilo swali langu, hiki ndicho kifungu, hii ndiyo kesi inayonisaidia, na hii ndiyo inayonitia hofu. Wakili mzuri atafurahi kukuona. Aliyetaka kukuzungusha atajua kwamba si rahisi.

Msimu wa kuuza ploti haujaisha Pwani, wala hautaisha karibuni. Kwa hiyo kabla ya kulipa arubuni, na kabla ya kuuza cha babako kwa hofu, mwombe anayekushauri mambo matatu: jina la kesi, nambari yake, na sababu ya uamuzi. Kisha kaa na kijana wako msome. Jioni moja inatosha kuanza.